Madonge matano, magamba mia nane

Mwalimu, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa na shali mapajani ambalo siwezi kuendelea nalo wala kuliacha. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Makambako, na kufuma ndiko kunakonilipia gesi na michango ya shule. Sikusomea. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha vitambaa vya makochi, vile vya duara vinavyotandikwa kwenye egemeo na mikononi. Mengine nimejifunza kwenye simu usiku, watoto wakishalala: kofia, soksi, vizibao vya vichanga. Huku kwetu baridi ya Juni haina utani, hivyo wateja sikosi.

Mwezi uliopita akaja mama mmoja na picha kwenye simu yake. Shali la pembetatu, lote magamba matupu, gamba juu ya gamba kama mgongo wa samaki, mpaka kwenye ncha. Akasema ndilo anataka avae siku ya kicheni pati ya binti yake. Akaniuliza naweza? Nikasema naweza. Mwalimu, sikuwa nimewahi kufuma gamba hata moja.

Uzi ninao wa zambarau, madonge matano. Jirani yangu ana duka la nguo na huenda Istanbul kufunga mzigo. Safari iliyopita aliniletea uzi huo, akaniuzia kwa bei ya ujirani. Kila donge ni gramu 50, lebo inasema meta 120, akriliki tupu. Mteja alipoiona rangi akasema hiyo hiyo, asitafutiwe nyingine. Tukakubaliana shilingi elfu tisini, akanipa elfu arobaini mkononi, na ile arobaini nimeshaila.

Nikaanza. Kwanza kitabu cha zamani cha mama mkwe na video ya kwenye simu vikagongana. Vyote vinaandika kifupisho dc kama jina la kifundo, lakini ya kitabu inatoka fupi na ya video inatoka ndefu. Nikafumua mara mbili, nikaamua kufuata video. Magamba ya mwanzo yalisimama kama masikio ya mbuzi, lakini nilipofika mstari wa tano yakaanza kulala. Unaanzia kwenye ncha na gamba moja, mstari unaofuata mawili, unaofuata matatu, unaongeza moja moja hivyo mpaka mstari wa 41.

Donge la kwanza lilinifikisha mstari wa 14. Nikapiga hesabu: kama donge moja ni mistari 14, matatu yanamaliza shali na mawili yanabaki. Nikamwambia mteja kabisa kwamba uzi utakaobaki nitamfumia pochi. Donge la pili likaishia mstari wa 20. Mistari sita tu! La tatu limenikatikia jana usiku katikati ya mstari wa 25. Nimepima, shali lina upana wa sentimita 86, na mteja anataka 150.

Nikaona nimepunjwa. Nikampigia jirani, nikamwambia yale madonge yake la juu tu ndilo zima, mengine yamepunguzwa. Akakata simu. Asubuhi tulikutana bombani, hakunisalimia.

Sasa sijui nishike lipi. Nimefikiria kupunguza nguzo, vile vifundo virefu, za kila gamba kutoka tano kila upande ziwe tatu. Nimefikiria kutumia kroshia ndogo, yaani ndoano nyembamba ya kufumia, ili ufumaji ubane na uzi usiende ovyo. Nimefikiria kwenda soko la Mwanjelwa, Mbeya, kutafuta zambarau inayofanana niungie. Na nimefikiria kulifumua shali lote. Mume wangu anasema nimwambie mteja uzi umeibiwa. Zimebaki wiki tatu.

Nimeishiwa Katikati ya Mstari, Makambako

* * *

Marahaba, mwanangu.

Mumeo mpe chai, umshukuru kwa mawazo, mambo ya uzi umwachie Mungu na mimi.

Hukuniambia donge la tatu lilikukatikia kwenye gamba la ngapi la mstari wa 25. Mimi niko mbali na sijaliona shali lako, ila nitabashiri: gamba la 15. Kama si hilo, basi ni jirani yake wa kushoto au wa kulia. Nenda kahesabu, nakusubiri.

Sasa chukua kalamu. Mstari wa kwanza una gamba moja, wa pili mawili, wa kumi na nne una kumi na manne. Yajumlishe yote tangu kwenye ncha, utapata magamba 105. Hilo ni donge la kwanza. Halafu chukua ile mistari sita iliyokukasirisha: 15, 16, 17, 18, 19 na 20. Jumlisha. Ni 105. Donge la pili limekupa magamba yale yale, halikupungua hata moja. La tatu limekupa mistari ya 21 hadi 24, ambayo ni magamba 90, na yaliyobaki 15 ndiyo niliyoyabashiri hapo juu.

Huyo jirani hakukupunja. Amekuletea madonge kutoka ng'ambo ya bahari yanayolingana gamba kwa gamba, na mizani ya bucha nyingi haina uaminifu huo. Kilichokudanganya ni pembetatu. Ulikuwa unahesabu mistari, na mistari ya pembetatu hailingani: wa 40 unakula uzi mara kumi ya wa nne. Kwa macho, mistari 24 kati ya 41 inaonekana umevuka nusu ya safari. Kwa uzi, uko kwenye theluthi na ushei. Shali zima lina magamba 861. Gawa kwa 105, unapata madonge manane na kipande. Wewe unayo matano. Uzi haukutosha tangu siku ya kwanza, kabla hujafunga hata fundo la kuanzia.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihusiani na kroshia. Mfuate jirani, si kwa simu, mfuate kwake. Mwonyeshe hizi hesabu kama anapenda hesabu. Kama hapendi, mwambie tu umekosea. Usimpelekee maelezo marefu ya jinsi ulivyochoka usiku ule.

Magamba yanakula uzi kuliko mitindo mingi, na ni vizuri ujue kwa nini, maana utakutana nayo tena. Chini ya kila gamba kuna wavu: nguzo mbili zilizokaa pamoja, cheni (vile vitanzi vinavyoshikana kama mnyororo), nguzo moja peke yake, cheni. Wavu huo ndio unaolipandisha shali juu. Gamba lenyewe halipandishi kitu. Katika zile nguzo mbili za pamoja, unashuka na nguzo tano kwenye mguu wa kwanza, cheni moja, unapanda na nguzo tano kwenye mguu wa pili, na ukimaliza uko pale pale ulipokuwa. Nguzo kumi na tatu zimetumika, na tatu tu ndizo zilizoongeza urefu. Kumi zilizobaki ni pambo linaloning'inia. Ni kama kuezeka nyumba makuti halafu ukaezeka vigae juu yake. Meta 120 ukizigawa kwa magamba 105, kila gamba pamoja na wavu wake linameza meta moja na sentimita 14 hivi. Ukitaka kuhakikisha, yafumue hayo magamba mawili ya mwisho uunyooshe uzi sakafuni.

Tuje kwenye mawazo yako manne.

Kupunguza nguzo ziwe tatu kila upande. Utaokoa chini ya theluthi ya uzi wa kila gamba. Magamba yaliyobaki kwenye shali ni 546, na madonge mawili uliyonayo yana uwezo wa 210 ya kawaida. Hata ukiyakondesha, uzi unaishia mstari wa 33 au 34, na shali litakuwa limeharibika: gamba la nguzo tatu ni jembamba, wavu unachungulia kila upande, mteja ataonekana kama kuku aliyenyonyolewa kuanzia mabegani.

Kroshia ndogo ni kosa ambalo karibu kila mfumaji amelifanya, mimi nikiwemo. Inaonekana kama akili: ukibana, uzi hautapotea. Lakini ufumaji uliobana unataka vifundo vingi zaidi kujaza nafasi ile ile, na kila kifundo kinataka uzi wake. Kwa sentimita ile ile utatumia zaidi, si kidogo. Kroshia kubwa ndiyo inayorefusha uzi, ila kwenye magamba usiijaribu, yatalegea na kulala kama majani ya mboga yaliyochemshwa.

Zambarau ya Mwanjelwa. Hapa nina kovu langu. Nilipokuwa bado nafundisha sayansi kimu, niliwahi kufuma kitambaa cha meza cha uzi mweupe kwa ajili ya posa ya binti wa dada yangu, mduara mkubwa wa maua kumi na mawili. Uzi ukaniishia ua la kumi na moja. Nikanunua mweupe mwingine dukani jioni, taa imewashwa, nikaulinganisha, ukalingana kabisa. Siku ya posa meza ikawekwa nje chini ya mwembe. Maua kumi meupe pe, na mawili rangi ya meno ya mvuta kiko. Wageni wakaweka vikombe juu yake kwa adabu, na mimi nikajifanya nahesabu sahani.

Angalia lebo ya uzi wako. Pana namba ya rangi, na pembeni yake huwa pana namba nyingine ya mchovyo, yaani pipa lililotumika kutia rangi madonge hayo. Hata uzi wa kampuni ile ile na namba ile ile ya rangi, ukitoka pipa tofauti unaweza kupishana. Uzi wa kampuni nyingine ndiyo kabisa. Ukilazimika siku moja kuchanganya, linganisha juani, si chini ya taa, na usianze donge jipya pale la zamani lilipoishia: fuma mistari miwili ya hili, miwili ya lile, mpakani jicho lisipate pa kushika.

Na kufumua, hapana. Mistari 24 imelala vizuri, unanihakikishia mwenyewe. Unafumua kazi iliyokosewa, na yako haijakosewa, ni fupi tu. Ila kama umewahi kufumua ukabaki na uzi uliojikunja kama nywele za mtoto mchanga, uzungushe kwenye mgongo wa kiti uwe kitanzi kirefu, ukifunge sehemu nne, ukiloweke kwenye maji ya uvuguvugu, kisha ukitundike kivulini na kitu kizito kidogo chini yake. Kikikauka unakuta umenyooka vya kutosha.

Ninachokushauri nimekifuma mara mbili, kwa watu tofauti, na hakuna aliyeniuliza magamba mengine yako wapi.

Maliza mstari wa 25. Magamba kumi yaliyobaki yatakula meta 11 na kidogo za donge la nne. Kuanzia mstari wa 26, acha magamba, endelea na wavu mtupu: nguzo moja, cheni mbili, nguzo moja, cheni mbili, na uongeze pembeni kwa kasi ile ile uliyokuwa nayo, ili mkato wa pembetatu usivunjike. Vyumba vya wavu, yaani nafasi kati ya nguzo na nguzo, viwe viwili kwa kila gamba moja ambalo lingekuwepo. Kwa kuwa magamba hayakuwa yanapandisha kitu, wavu utapanda karibu sawa na zamani, mstari kwa mstari. Fuma hivyo mpaka mstari wa 40. Mstari wa 41, ule wa juu unaozunguka shingo na kushuka kifuani, rudisha magamba, yote 41.

Fikiria litakavyovaliwa. Mgongoni, pale watu wa nyuma wanapokodolea macho mama akicheza kuingia ukumbini, kuna pembetatu nzima ya magamba mpaka kwenye ncha. Mabegani na mikononi ni wavu, unaopitisha rangi ya gauni. Shingoni na mbele, ambako kamera inapiga, magamba tena. Tena litakuwa jepesi. Shali la magamba matupu la ukubwa ule lingekaribia gramu 410, na mama wa bibi harusi ana mambo mengine ya kubeba siku hiyo.

Uzi utatosha? Wavu wa mstari wa 26 hadi 40 una vyumba 990, na kwa mkono kama wako chumba kimoja ni kama sentimita 12 za uzi. Hiyo ni meta 119. Mstari wa juu wa magamba ni meta 47. Ongeza zile 11 za mwanzo, jumla 177, na wewe una meta 240. Inabaki kama nusu ya donge. Lakini mkono wa mtu haufanani na hesabu ya mtu, kwa hiyo nakuwekea kituo cha ukaguzi: ukimaliza mstari wa 35, donge la tano liwe bado halijaguswa. Kama halijaguswa, endelea bila wasiwasi. Kama umeshalianza, magamba ya juu yaache, malizia kwa wavu na mstari mmoja wa vifundo vifupi ukingoni, litapendeza pia.

Ile pochi uliyomuahidi usiitaje tena mpaka shali limekamilika.

Sasa mteja. Mwambie wiki hii, leo ikiwezekana, usingoje zibaki siku nne. Usimpelekee habari mbaya mkono mtupu, mpelekee shali lenyewe na kipande kidogo cha wavu ulichokifuma pembeni, umvike mgongoni mbele ya kioo. Mwambie: mama, uzi wa rangi hii uko wa madonge matano tu na hautapatikana mwingine wa kulingana, nimekusanifia hivi. Huna haja ya kuungama kwamba ilikuwa mara yako ya kwanza, umeshajifunza kwa vidole vyako na magamba yamelala. Ila hilo la wizi usilithubutu. Makambako ni mji wa njia panda, lakini si mkubwa kiasi hicho.

Akikataa wavu, mpe njia mbili nyingine. Ya kwanza, magamba matupu mpaka mstari wa 31, basi. Hapo upana utakuwa sentimita 111, linakuwa la kufunga shingoni, si la kujifunika mabega, na bei ishuke. Ya pili, anunue yeye madonge manne ya rangi nyingine, unene ule ule wa uzi, mkamilishe magamba yote 861 kwa rangi mbili. Dhahabu iliyofifia juu ya zambarau inakaa vizuri. Ukifanya hivyo usibadilishe rangi ghafla kama bendera: kuanzia mstari wa 25 fuma mstari mmoja wa zambarau, mmoja wa rangi mpya, mpaka zambarau iishe yenyewe. Akikataa zote tatu, mkubaliane tarehe ya kumrudishia elfu arobaini yake, na shali ubaki nalo. Litanunuliwa.

Kuhusu bei. Elfu tisini ukiigawa kwa magamba 861 ni kama shilingi 105 kwa gamba, naona namba hii imekupenda. Shilingi 105, uzi wako humo humo, macho yako humo humo. Ni bei ya pipi mbili. Sweta za dukani zinatoka kwenye mashine, lakini kroshia ya kweli mpaka leo hufumwa kwa mkono, kifundo kimoja kimoja, na mteja ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajataja bei. Kwa shali hili jipya la wavu na magamba 366, elfu tisini ni haki. Usishushe. Na safari ijayo, mteja akileta picha, usitoe bei siku hiyo hiyo. Fuma kipande cha kiganja, kipeleke kwa sonara akupimie gramu kwenye ile mizani yake ya dhahabu, ndipo useme unahitaji uzi kiasi gani na uutake mikononi kabla ya kuanza.

Umeuliza pia bila kuuliza, kuhusu kitabu na video. Kitabu cha mama mkwe bila shaka ni cha Kiingereza cha Uingereza, na video ni ya Marekani. Herufi dc kwa Mwingereza ni kifundo kifupi kisichozungushiwa uzi kwenye kroshia kabla ya kuingia. Kwa Mmarekani ni nguzo, ile unayozungusha uzi mara moja. Wanatumia jina moja kwa vitu viwili, na wamewapotezea wafumaji wa dunia nzima usiku mwingi. Kabla ya kuanza mtindo wowote wa kigeni, tafuta kama una kifupisho sc. Ukikiona, mwandishi anafuma Kimarekani, maana Mwingereza kwa kawaida hana hicho.

Magamba kusimama kama masikio ya mbuzi husababishwa na mkono kukaza pale gamba linapofungwa kwenye nguzo ile ya peke yake. Legeza hapo. Na shali likiisha usilipige pasi, nakuomba. Akriliki ikipata moto wa pasi inakufa, inalala bapa na haiamki tena. Lilowanishe, likamue ndani ya taulo, litandaze kitandani, uyapange magamba kwa vidole moja moja, likauke lenyewe.

Usisahau kuniandikia lilikuwa gamba la ngapi. Nimesema 15. Kama nimekosea kwa zaidi ya mawili, nitakuomba namba ya jirani yako, maana itabidi na mimi nimwombe radhi kwa kumsifia bila kupima.